Ambindwile Geresoni na Unga wa Chuma

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani, mimi ni Tulinagwe, mjane wa marehemu, nimemwomba baba mdogo Jairo aniachie nisome wasifu mwenyewe, mnivumilie, maana karatasi ya wasifu iliyosomwa jana ilisema marehemu alikuwa fundi vyuma, na sivyo.

Marehemu Ambindwile Geresoni alizaliwa hapa Kisondela tarehe 9 Juni 1993, mtoto wa tatu wa mzee Geresoni na mama Dainess, akasoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Tukuyu, mwaka 2014 akaenda chuo kikuu Dar es Salaam kusomea uhandisi, na kuanzia 2019 akawa mhadhiri msaidizi hukohuko.

Kazi yake ilikuwa kukokotoa kwa kompyuta jinsi unga wa chuma unavyogandamizwa ndani ya kalibu, chombo cha kuupa umbo, chembe zikabonyea, nafasi zikaziba, ukawa kipande kimoja. Baba mkwe, mzee Geresoni, alimtania, ugali wa unga huo ataula nani, tukacheka wote, lakini mimi alinionyesha jikoni, akajaza unga wa mahindi kwenye kikombe, akaugandamiza kwa kitako cha chupa, juu ukashikana kama sabuni, chini ukabaki unga tu, akasema kuta za kikombe zimekula nguvu njiani, yeye anatafuta inapoishia, ili kifaa kisije kikapasuka mtu akiwa amekitegemea. Hapa nyumbani hakuwa na mwingine wa kumweleza, na mimi sasa sina wa kuniuliza habari za kazi hiyo.

Tulifunga ndoa kanisani Nkunga tarehe 17 Septemba 2022, tukajaliwa mtoto mmoja, Lusungu, huyo mgongoni kwa bibi yake.

Alianza kuumwa kichwa Novemba 2024, akapimwa hospitali ya rufaa Mbeya, ni uvimbe kwenye ubongo, akapasuliwa, tukarudi nyumbani, na alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2025 aliniomba maji, niliporudi nayo alikuwa ameshaondoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa chuo mliosafiri, majirani mliochimba kaburi mvua ikiwanyeshea, kina mama mliolala nami. Kesho mtaanua matanga, mtaondoka, kikao cha ukoo kitaamua mimi na mtoto tukae wapi, wazee wangu, ninaogopa, naomba mbele ya watu wote hawa msituondoe kwenye nyumba ile tuliyoishi naye, Lusungu akikua nataka nimwonyeshe jikoni palepale, kwa kikombe kilekile, baba yake alikuwa anafanya nini.

Baba Lusungu, pumzika kwa amani, sisi bado tupo hapa.