Mbuzi Hawakunywa Yale Maji

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina mke, nina mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu, na nina vyeo vitano kanisani. Shida yangu ilianzia kwenye hivyo vyeo.

Mbukwenyi, ndugu zangu. Mmeniita niseme na wanandoa vijana, basi nitasema. Shule niliishia darasa la tatu, maneno ya kupamba sina, na majina ya watu sitataja. Wengine bado wapo hai na bado nawapenda.

Tulikaa kijijini, upande wa Bahi. Nilikuwa mwenyekiti wa kwaya, mpiga ngoma, mtunza funguo, mpokea wageni, na mzee wa kanisa mdogo kuliko wote. Watu waliniita Mwenyekiti mpaka mke wangu naye akaniita hivyo. Nilipenda, sifichi. Mtu huna darasa, huna ng'ombe, halafu unaitwa Mwenyekiti. Wewe ungekataa?

Sasa sikieni hiyo wiki. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua linachoma, na Jumapili tunamtegemea mchungaji mgeni kutoka mjini. Jumatatu ibada ya nyumba kwa nyumba. Jumanne kwaya. Jumatano kuona wagonjwa: nilipiga baiskeli mpaka kijiji cha tatu kumwombea mke wa mtu mwenye homa, nikamshika mumewe mkono nikamwambia, "Mtunze huyu mama." Mimi huyo! Alhamisi kikao. Ijumaa kwaya tena. Naondoka mapema, narudi nimechoka, nakuta ugali wa uwele na mlenda umefunikwa, na maji ya kuoga yananisubiri. Sikuwahi kujiuliza yamefikaje.

Yalifika hivi. Kiangazi maji yetu yalikuwa korongoni. Juu ni mchanga mkavu, kina mama wanachimba shimo, mmoja anashuka na kopo, anasubiri maji yajitokeze kidogo kidogo. Ndoo moja inakula saa nzima. Halafu unajitwisha kichwani na safari ya kurudi ni saa nzima nyingine. Mke wangu alifanya kazi hiyo akiwa na mimba ya miezi saba. Na kabla ya hiyo, mimba moja ilishatutoka. Hii ya sasa tulikuwa tunaihesabu kwa wiki, kila wiki tunashukuru.

Jumamosi kanisa lilitakiwa kupakwa chokaa na kupigwa deki. Waliopangiwa kuleta maji hawakutokea. Vijana wakaniuliza, "Mwenyekiti, tunafanyaje?" Nikasema, "Niachieni mimi." Kila kitu nilikuwa nasema niachieni mimi.

Nikapanda baiskeli mpaka nyumbani. Mke wangu alikuwa ameenda mashineni kusaga, na mtoto. Mlango umerudishiwa tu, ndani ndoo mbili zimejaa. Nikazimimina kwenye madumu, nikayafunga nyuma ya baiskeli, nikaondoka napiga mluzi. Sikuacha ujumbe kwa mtu yeyote. Mlango wenyewe niliuacha wazi. Tukapaka chokaa, tukapiga deki ile sakafu mpaka ikang'aa. Wazee wakanisifu. Nikasifika kweli.

Saa tisa mchana akaja mama mmoja mbio, anahema. "Mwenyekiti! Mkeo kaanguka korongoni. Anatokwa damu!"

Niliacha ufagio palepale. Nilipofika korongoni nikaambiwa wameshamchukua. Kina mama walimbeba kwa kanga mpaka barabarani, na jirani yangu mwenye duka, Mrangi wa Kondoa, mtu wa msikitini, akatoa mkokoteni wake wa punda bila kuombwa, akampeleka zahanati mwenyewe. Duka aliliacha wazi.

Nesi alinitazama kuanzia miguuni, nina chokaa mpaka kwenye nyusi. Nikauliza, "Mtoto?"

"Yupo, moyo unapiga. Lakini huyu mama analala hapa mpaka damu ikate. Na akitoka, hanyanyui hata sufuria mpaka ajifungue. Umenisikia, baba?"

Nikakaa kando ya kitanda. Nikamuuliza mke wangu, "Kwa nini ulirudi korongoni na jua lile?"

"Nilikuta mlango wazi na ndoo tupu," akasema. "Mbuzi wa jirani wameingia tena wakanywa maji yote. Nikawaza, wageni wako wa kesho watanawa nini?"

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilinyamaza. Mbuzi walikuwa wa yule yule Mrangi, amekaa nje na punda wake anasubiri habari ya mke wangu. Nikatoka nikamshukuru. Habari ya maji sikuitaja. Jioni watu wa kanisa wakaja kumwona mgonjwa, naye akawasimulia ya mbuzi. Nikanyamaza tena. Mtoto wetu usiku huo alilala kwa mke wa huyo huyo jirani, akala chakula chake.

Jumapili nikafungua kanisa, kwa sababu funguo ni zangu. Watu wakajaa. Mchungaji mgeni akakaa mbele, sakafu inang'aa chini ya viatu vyake. Wakati wa matangazo mzee wetu mkubwa akasimama. "Tumwombee Mwenyekiti wetu. Adui ameingia nyumbani kwake. Na yule mwenye mbuzi, wanaume mbaki baada ya ibada, tutamfuata dukani kwake. Safari hii hatutamwachia."

Nikasikia watu wanasema, "Kweli! Amezidi!" Nikaona mikono ya mashati inakunjwa. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika ngoma. Nikaiweka chini.

"Mzee," nikasema, "mbuzi hawakunywa yale maji."

"Unasemaje?"

"Yapo hapa. Mmeyakanyaga wote mlipokuwa mnaingia. Niliyachukua mimi nyumbani, nikayapigia deki. Mke wangu aliporudi akakuta ndoo tupu, akaenda tena. Yule jirani msimfuate. Kama mnamtaka mwenye kosa, ni huyu."

Mchungaji mgeni akaniuliza taratibu, "Mkeo anajua?"

"Bado, mchungaji."

"Sasa unatuambia sisi kwanza? Nenda!"

Nikaweka funguo mezani, nikatoka. Kwanza nilipita dukani, nikamwambia jirani neno kwa neno. Akanitazama, akasema, "Mbuzi wangu wana makosa mengi, hilo umewapunguzia." Halafu, "Nenda kwa mkeo, bwana."

Kule zahanati, mke wangu nilimwambia nimesimama. Akageukia ukutani. Akasema bila kugeuka, "Mtoto hajaoga tangu jana. Kachote maji."

Basi nikaenda. Na nguo ya ibada.

Shikamoo zote nilizozoea kupewa ziliishia pale shimoni. Kina mama walicheka mpaka mmoja akakaa mchangani. "Mwenyekiti, umekuja kutuombea?" "Jamani mpisheni, ana kikao!" Nikataka kujipenyeza mbele, bibi mmoja akanizuia kwa kopo. "Zamu yako baada ya huyu. Hapa hatuangalii cheo." Nikashuka shimoni, nikasubiri. Mgongo uliniuma, nami ni kijana wa jembe. Ngata ya kichwani nilikuwa sijui kuisokota, bibi yule yule akanisokotea kwa kipande cha kanga. "Shingo inyooke, mwanangu. Usiangalie miguu." Nilifika nyumbani na nusu ndoo, nyingine yote iko mgongoni. Kesho yake nikafika na robo tatu.

Wanaume wenzangu njiani walisema nimelishwa limbwata. Kwetu mwanaume maji anabeba kwa baiskeli, kichwani habebi. Lakini kule mchangani baiskeli haishuki, na mimi kusubiri mtu mwingine aniteremkie niliona haya kuliko kuchekwa. Wiki tatu nilibeba kichwani, asubuhi na jioni. Vyeo vinne nilirudisha. Mzee mkubwa akaniuliza, "Kazi ya Mungu unamwachia nani?" Nikamjibu, "Wapo wengi. Wa korongoni nipo peke yangu." Nikabaki na ngoma.

Wiki ya nne jirani akasema, "Chukua punda wangu. Rudisha jioni, na mnyweshe." Nikapita na mkokoteni na madumu, watu wakaanza kuniomba niwaletee na wao. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuuza maji, mimi ambaye sikujua yanatoka wapi.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na mbili, mvua imeshanyesha, korongo limejaa. Wa kiume. Leo amekaa pale karibu na mlango na mke wake, anatazama chini kwa sababu namsema.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru kina mama wa lile shimo, walionicheka na kunipisha. Yule bibi ameshatangulia. Namshukuru nesi, na mchungaji aliyenifukuza kanisani kwa wema. Namshukuru jirani yangu. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Mke wangu simshukuru hapa, namshukuru nyumbani. Mwacheni.

Vijana, Mungu mtumikieni. Sijaja kuwatoa kwaya. Ila siku ukitaka kusema "niachieni mimi", kwanza nenda nyumbani ukaangalie ndoo, na umuulize aliyezijaza. Wewe wa mstari wa pili unacheka, mkeo yuko wapi saa hizi? Usinijibu mimi.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne hapa mjini, Chang'ombe, ya bati. Nina punda wanne na mikokoteni miwili. Nina tangi la lita elfu tano na bomba uani, majirani wanachota. Nina eka mbili za mpunga kule Bahi. Nina mke yule yule, watoto watano, wajukuu saba. Nina ngoma moja. Na nina zile ndoo mbili, za bati, zimetoboka, zipo nyuma ya mlango. Haziuzwi.