Constance Ngoie, Mkunja Maparachuti ya Ndege za Kasi

Ndugu wafiwa, majirani zetu wa Berea hapa Durban, wafanyakazi wenzake wa Clairwood, na ninyi nyote mliokuja kutusindikiza, familia imeniagiza mimi, Steve Kasongo, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu, pamoja na yale aliyomsimulia binti yake Gracieuse katika wiki zake za mwisho, kwa maana alitaka yasemwe mbele ya watu, yasizikwe naye.

Constance Ngoie Kasongo alizaliwa tarehe 11 Februari 1953 huko Kabongo, Katanga, akiwa mtoto wa pili wa mzee Kasongo wa reli, alisoma shule ya msingi kwa masista kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha masista haohao wakamfundisha ushonaji, na wanaomkumbuka siku zile wanasema alikuwa msichana mwoga, mwoga wa radi, mwoga wa mbwa, mwoga hata wa kuitwa jina lake darasani, ila akiketi mbele ya cherehani mikono yake ilitulia kama ya mtu mwingine.

Tarehe 1 Septemba 1975 aliajiriwa katika kambi ya ndege za kivita huko kwetu Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba, wakati Mirage kutoka Ufaransa zilipokuwa zinaanza kuwasili, ndege zinazoweza kwenda kasi mara mbili ya sauti, na kazi yake ikawa kushona na kukunja maparachuti, yale ya mkiani yanayofunguka ndege inapotua, kwa kuwa breki za magurudumu peke yake hazitoshi kuizuia, na yale ya marubani, yanayokaa ndani ya kiti chenye baruti ya kumrusha mtu nje. Mkuu wa karakana yao, mzee Sébastien, alimwambia siku ya kwanza: "Maman, hapa hakuna kujaribu. Inafunguka mara moja, ao haifunguki." Maneno hayo yalimwingia moyoni na hayakutoka, na tangu siku hiyo hakuweza kusikia ndege ikiruka bila kusimama mlangoni kuisubiri irudi.

Kambini hapo ndipo alipokutana na Luteni Barthélemy Mukalayi, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele na mkongojo wake, rubani aliyependa mwendo kuliko chakula, aliyejua habari za kila ndege iliyowahi kuishinda sauti, naye alimchumbia kwa habari hizo badala ya maua, akimweleza juu ya X-15 ya Wamarekani, iliyobebwa chini ya bawa la ndege nyingine na kuachiliwa angani iwashe roketi yake, ikafika karibu mara saba ya mwendo wa sauti mwaka 1967, ikarudi imeungua ngozi, isiruke tena, na juu ya ile nyeusi waliyoiita Blackbird, iliyopata joto kali angani hadi mwili wake ukarefuka, na ikiwa chini ikavuja mafuta kama chungu kibovu, na juu ya MiG ya Warusi iliyoweza kufika mara tatu ya sauti kwa gharama ya kuunguza injini zake yenyewe. Constance alisikiliza yote, akauliza swali moja tu: "Na parachuti ya yule wa ndani, ni nani anaikunja?" Barthélemy akacheka sana, lakini anasema ni swali hilo lililomfanya aoe.

Walifunga ndoa tarehe 28 Julai 1979, wakajaliwa watoto wawili, Peguy, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1980, na Gracieuse, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1982, na baada ya ndoa marehemu alimwomba mzee Sébastien asimpe tena parachuti la mumewe, kwa kuwa aliogopa mkono utatetemeka, mzee akakataa, akisema mkono wa mwoga ndio anaouamini.

Tarehe 16 Oktoba 1984, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, Barthélemy alipanda Mirage ya viti viwili kama mwalimu, yeye nyuma, na mbele yake kijana Anselmo, aliyekuwa bado anajifunza, maparachuti yote mawili yakiwa yamekunjwa na Constance, na ndege ilipoinuka tu kundi la korongo likaingia kwenye injini, moto ukaonekana mkiani, na Constance akiwa mlangoni pa karakana aliona parachuti moja likifunguka juu ya miti, akasubiri la pili, akasubiri hata baada ya moshi kupanda nyuma ya kilima na watu kuanza kukimbia, lakini halikuonekana.

Barthélemy aliokolewa akiwa amevunjika mgongo na mguu, asikumbuke chochote ila kwamba alipiga kelele "Toka!" na kuvuta kishikio, na hakuruka tena maishani, naye Anselmo alizikwa wiki ile, wakubwa wakafunga jambo hilo, kambi nzima ikanyamaza, na Constance, aliyesimama nyuma kabisa makaburini, aliondoka kabla ya udongo kutupwa, kwa sababu aliona mama wa kijana, Mama Epiphanie, akigeuka kumtafuta mtu kwa macho, akaamini kwamba anayetafutwa ni yeye.

Hapo ndipo ilipoanza hofu ambayo sisi ndugu zake hatukuijua, kwa kuwa hakumwambia hata mumewe, ambaye naye aliogopa kumgusa kidonda asichokijua, na kila mmoja alidhani mwenzake anamficha kitu, basi dada akawa anabadilisha njia sokoni ili asikutane na Mama Epiphanie, na usingizini mikono yake ilikuwa ikikunja shuka, ikikunja na kukunjua, akitafuta pale alipokosea, kamba gani, mshono gani, asipapate.

Vita vilipofika, mwezi wa Aprili 1997, familia ilitoka Katanga kupitia Lubumbashi, ikapita Zambia na Zimbabwe, ikaingia Durban tarehe 14 Juni, na hapa marehemu alipata kazi Clairwood, katika karakana ya kushona maturubai ya malori yanayopakia bandarini, nao wenzake wanasema alishona vizuri mno ila alishtuka kila tairi lilipopasuka.

Jumapili moja ya Julai 1998 ndege za kivita zilipita juu ya ufukwe kwa maonyesho, na Barthélemy aliomba sana apelekwe kuziona, wakaenda, yeye akiinua mkongojo kwa furaha kama mtoto, Constance akiwa amefunika uso kwa kitenge, kwani ndege ilikuwa imeshapita ndipo ngurumo ikawaangukia, na alimwambia Gracieuse kwamba alichoogopa kuliko vyote ni kitu hicho, kwamba balaa lingefika, limpite, na yeye abaki anasubiri kelele zake. Wakati huohuo mlinzi wa magari mwenye fulana ya kung'aa akaita kutoka ng'ambo ya barabara: "Maman Constance! Maman wa parachuti! Njo weye?" yaani, ndiwe? Alikuwa Papy, askari wa zamani wa kambi, mmoja wa wale waliotumwa kilimani siku ya ajali, na dada yetu, alipomtambua, hakungoja hata robot, taa ya barabarani, igeuke, alikimbia katikati ya magari akamwacha mumewe peke yake kwenye umati, akajifungia chumbani hadi kesho yake, na tangu hapo akaacha kabisa kushuka ufukweni, na kila aliposikia Kiswahili cha kwetu kwenye ngazi za ghorofa alizima redio.

Mwezi wa Mei 1999 alianza kuumwa tumbo, madaktari wakagundua uvimbe kwenye ini uliokwisha kuenea, akarudishwa nyumbani, na mwezi wa Agosti watu wa kanisa walikuja kumwombea, Papy akiwa miongoni mwao bila kujua anaenda kwa nani, na dada akiwa kitandani hakuwa na pa kukimbilia. Gracieuse anasema mama yake alimtazama Papy mpaka maombi yalipokwisha, ndipo akasema, kwa sauti iliyosikika kwa shida: "Papy, njoo uniambie. Parachuti ya Anselmo, ilikatika wapi?"

Papy alishangaa. "Ilikatika? Maman, haikukatika. Tulimukuta mu kiti yake, mukanda imefungwa, parachuti iko ndani vilevile. Hakuvuta."

"Kwa nini hakuvuta?"

"Eish, maman. Hiyo hakuna anayejua. Labda mikono ilikataa."

Hapo Constance alilia kwa sauti, na waliokuwepo walidhani ni kilio cha kufunguliwa mzigo, lakini yeye alimwambia binti yake kwamba alikuwa anamlilia Anselmo kwa mara ya kwanza, kwani muda wote huo alijiogopea mwenyewe hata hakupata nafasi ya kumsikitikia kijana, aliyekaa peke yake katika moto ule akiogopa kama yeye.

Aliomba atafutwe Mama Epiphanie, akapatikana Lubumbashi kwa simu ya jirani yake, na dada akashushwa ngazi, Gracieuse upande mmoja na Papy upande mwingine, hadi kwenye duka la simu la Bi Kulthumu, Mtanzania jirani yetu, naye Bi Kulthumu akawatoa wateja wote nje. Constance alishika mkonga wa simu, akaanza kusema kwamba amesikia habari ya parachuti, kwamba halikuwa kosa la mkono wake, na sauti ya kule ikamkatiza.

"Constance, mimi niliambiwa siku ileile waliponiletea sanduku. Nilidhani unajua. Pale makaburini nilikutafuta nikushike mkono, wewe pia ulikuwa na mgonjwa hospitali, nikaona umeondoka. Nikasema, huyu amenikasirikia kwa nini?"

Bi Kulthumu anasema alimsikia mgonjwa akisema, "Mama, nilikuwa ninaogopa," na kule Mama Epiphanie akajibu, "Basi sema sasa, mwanangu, niko hapa," nao wakaongea mpaka sauti ya Constance ikaisha.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Septemba, akalazwa tena, na Jumanne tarehe 5 Oktoba 1999, asubuhi, mumewe akiwa amemshika vidole, akafariki dunia.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mdogo wake mimi, na mama mmoja, Mama Epiphanie, ambaye alipopewa taarifa alituagiza kwa simu tumhesabu hapa mbele yenu miongoni mwa wafiwa, kwa sababu, alisema, yeye amezika watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa ghorofa yetu waliobeba kitanda na maji, wafanyakazi wa karakana ya maturubai ambao wameshona kitambaa hiki kilichofunika jeneza lake, kanisa letu, Bi Kulthumu, na ndugu yetu Papy kwa kutamka kile ambacho sisi sote tuliogopa kuuliza.

Constance, dada yetu, pumzika bila hofu.