Redio Iliyosikia Mioyo

Ndugu zangu, mama yetu muuguzi ameshakunjua kitambaa chake cha kupimia presha na ananitazama kwa jicho la "fupisha". Nitafupisha, mama. Lakini nianze na jambo moja nililoliamini kwa moyo, kwa maini na kwa figo zote mbili. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, niliamini kwamba askari wa vizuizi vya barabarani walikuwa na redio inayosikia mioyo ya watu.

Msicheke kwanza. Pa kucheka nitawaonyesha.

Mliokuwepo mnakumbuka: hapakukosa askari mmoja kizuizini ameshika redio ndogo sikioni. Sisi wachuuzi wa samaki tulijua kwa nini. Mpima mizani mmoja pale ziwani Ggaba alituapia kwa kaburi la baba yake kwamba redio zile zinanasa mapigo ya moyo kutoka hatua ishirini. Moyo ukienda taratibu, wewe raia mwema, pita. Ukienda mbio, redio inapiga mluzi, nawe unaingia kwenye buti la gari. Habari hiyo iliondoka Ggaba asubuhi. Ilipofika sokoni Kamwokya saa saba mchana, hatua ishirini zilikuwa zimekuwa nusu maili, na redio ilikuwa inajua hata umekula nini. Mimi niliamini ile ya Kamwokya.

Nilikuwa na sababu. Kulikuwa na rafiki yangu, jina lake sitalitaja, nyumbani kwake wanalijua. Tulikuwa tukibeba samaki pamoja kwa baiskeli, kutoka ziwani hadi sokoni, yeye mbele mimi nyuma, au mimi mbele yeye ananitukana nyuma. Asubuhi moja alipanda kwa kasi kilima kimoja chenye kizuizi juu, akafika anahema, wakamchukua. Baiskeli ikabaki imelala barabarani na samaki wake. Hakurudi. Hakuna aliyetuambia alikosa nini.

Sasa nawaambia, mtu akichukuliwa bila sababu, unashindwa hata kujua uende kazini kwa njia gani. Redio ilinipa sababu. Kumbe ni moyo! Basi, nikasema, huu wangu nitaufunza adabu.

Nikaanza. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni kule Old Kampala alikuwa ametufundisha kupima mapigo: kidole hapa kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa. Nikanunua saa. Lakini saa ya mkono miaka ile ilikuwa inavuliwa kizuizi cha kwanza, kwa hiyo nikawa naificha tumboni mwa ngege, samaki mkubwa kuliko wote kikapuni. Maili nzima kabla ya kizuizi nateremka, nakaa juu ya jiwe, natoa saa, nahesabu. Themanini na tano. Ngoja. Themanini na nane. Ngoja tena. Natazama huku, natazama kule, nasimama, nakaa. Tisini! Nilisubiri mpaka samaki nao wakachoka kusubiri. Wanawake wa Kamwokya wakaanza: "Ssebo, huyu samaki alikufa lini, kabla ya uhuru?" Siku moja nikasahau, nikamuuza yule ngege na saa yake ndani. Mama mteja akarudi mbio amemshika mkia: "Chukua samaki wako! Analia tik tik tik!"

Hapo mnaweza kucheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu kicheko nilikuwa nimekiacha. Kicheko kinaupandisha moyo. Niliacha chai. Niliacha pilipili. Niliacha nyama, kisha samaki, mimi mchuuzi wa samaki! Nikabaki na uji usio na sukari, ingawa hapo sitajisifu, sukari yenyewe haikuwepo. Niliacha ngoma. Kanisani kwetu nilikuwa mpiga ngoma, na si kwa kujivuna, nilikuwa nikipiga mpaka kuku wa Mulago wanataga kabla ya wakati. Niliiacha, maana ngoma inaufundisha moyo kukimbia. Mwisho nikaacha hata kusali. Nikifumba macho tu, yule rafiki anakuja na baiskeli yake, na moyo huo unaruka kama panzi. Nikaona Mungu naye atanisababishia kukamatwa.

Mke wangu akaniambia, "Baba, mimi niliolewa na mtu au na ukuta?"

"Usinipandishe mapigo," nikamjibu.

Akachukua bakuli la uji akaniwekea mbele kwa kishindo. Hatukusemeshana siku tatu. Kwangu mimi siku tatu za kunyamaza ni kifungo cha maisha.

Na je, moyo ulitulia? Nawaambia kweli, kadiri nilivyouchunga ndivyo ulivyokimbia. Mia moja nikiwa nimekaa. Mia na kumi nikiwa nimelala. Kidole changu hakikutoka kwenye mkono mpaka ngozi ikafanya alama. Sikuweza kukaa kwenye kiti muda wa mtu kumaliza salamu. Nilikonda mpaka kivuli changu kikawa kinanipita unene.

Basi jioni moja, saa kumi darasa likianza tu, mwalimu akachora moyo ubaoni, vyumba vinne, mishipa inaingia na kutoka. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, moyo unaweza kufundishwa kukaa kimya?" Darasa zima likacheka. Mimi nikaanguka.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelazwa juu ya benchi, wenzangu wametolewa nje, mwalimu amekaa karibu yangu. Alikuwa Mwislamu wa zile familia za zamani za pale Old Kampala, ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, na kabla ya ualimu alifanya kazi miaka mingi katika zahanati. Akanishika mkono, akaondoa kidole changu, akaweka chake.

"Umekula nini leo?"

"Uji."

"Jana?"

"Uji, mwalimu."

"Umezungumza na nani?"

"Na samaki."

Hakucheka. "Na Mola wako umemwomba?"

"Nimeacha, mwalimu." Kisha nikamweleza yote, redio, jiwe, saa ndani ya ngege. Alisikiliza kwa utulivu, tena aliniambia wazi kwamba mambo ya redio za jeshi yeye hayajui na hatayazungumza. Hata yeye alikuwa na familia. Lakini moyo aliujua.

"Sikiliza, bwana mdogo. Moyo usiulaumu. Tumbo umelinyima, ulimi umeufunga, Mungu umemfungia mlango. Wenzake wote umewafukuza, ukauacha peke yake ushike zamu mchana na usiku. Mlinzi gani asiyepokewa zamu atakosa kupiga kelele? Mafiga mawili hayainjiki chungu, na wewe unataka kuinjika kwa figa moja!"

"Nianze na lipi, mwalimu?"

"Hakuna kuanza na lipi. Leo hii ule samaki. Leo hii umwambie mtu kile unachokificha, maana unaficha kitu, nakuona. Na leo hii usali kwa namna ya kwenu. Ukifanya moja ukaacha mawili, nitakuokota tena hapa."

Nikaenda nyumbani. Nikamwambia mke wangu, "Nikaangie ngege." Alinitazama kana kwamba nimefufuka. Nikala. Na kabla sahani haijaondolewa nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Siku ile mnyororo wa baiskeli yangu ulikuwa umechomoka. Rafiki yangu alisimama kunisubiri. Mimi ndiye niliyemwambia, "Tangulia bwana, nitakukuta." Akatangulia. Niliona kila kitu kutoka chini ya kilima, mnyororo mkononi. Na mke wake kila nilipopita aliniuliza, "Ulikuwa naye?" Nami nilimjibu, "Nilikuwa mbali sana nnyabo, sikuona."

Mke wangu alifunga kanga yake, akachukua samaki aliyebaki akamfunika kwenye bakuli. "Twende," akasema. "Jua bado lipo."

Ndugu zangu, nimepita vizuizi vingi maishani, lakini mlango wa mke wa rafiki yangu ndio uliokuwa mgumu kuupita. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Nilitegemea anipige. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Alipotangulia, alikuwaje?"

"Alikuwa anapiga mluzi. Akaniambia mimi na baiskeli yangu wote tuuzwe chuma chakavu."

Akaangua kilio, na ndani ya kilio kile kulikuwa na kicheko. "Ndiye yeye," akasema. "Ndiye yeye kabisa." Kisha akanisukumia kigoda. "Kaa basi. Miezi yote hii nimekuwa nikimwona moyoni peke yangu." Nikakaa. Nawaambia nikakaa! Tukamla yule samaki watu watatu, na kabla ya kuondoka tulisali, nikamtaja rafiki yangu kwa jina lake mbele za Mungu. Moyo ulikwenda mbio kama kawaida, ila safari hii haukuwa peke yake.

Kesho yake sikukaa kwenye jiwe. Nilipanda kilima nikafika kizuizini ninahema, moyo unapiga ngoma ya harusi. Askari wa redio akanisimamisha.

"Wewe! Iko nini kwa kapu?"

"Samaki, afande."

"Wewe natetemeka nini?"

"Naogopa, afande."

Alinitazama sana. Redio sikioni, macho kwangu. Kisha akachagua ngege wawili, akasema, "Kwenda."

Nilikwenda! Sikuacha kuamini redio, la hasha. Niliamini tu kwamba siku ile ilikuwa mbovu. Na sitawadanganya kwamba hofu iliisha, haikuisha mpaka utawala wenyewe ulipoondoka, na hata leo gari likifunga breki karibu yangu naruka. Lakini nilikula, nilizungumza, nilisali, Jumapili nikarudi kwenye ngoma, na ule mwendo wa kupima mkono kila dakika ukaniacha polepole. Masomo ya jioni nilimaliza. Cheti ninacho, kimetundikwa ukutani, fremu yake ni kubwa kuliko mlango.

Namshukuru mwalimu wangu, ametangulia mbele ya haki. Namshukuru mke wangu, ambaye kama si kusema "jua bado lipo" ningengoja kesho mpaka leo. Namshukuru yule mke wa rafiki yangu, kwa kigoda. Nawashukuru nanyi wenzangu wa presha, Waislamu kwa Wakristo, mnaonitembeza kila Jumamosi ninapotaka kulala. Ninaloomba mlichukue ni hili: ukija hapa kupimwa mkono, usiuache nyumbani moyo uliojaa mambo, wala usimwombe Mungu akuponye huku tumbo umelifungia njaa. Jilete mzima mzima.

Nimalizie na la Jumamosi iliyopita. Tulipokuwa tunarudi matembezini niliwasimulia habari ya redio, nanyi mkacheka mpaka mkakaa chini. Mzee mmoja hakucheka. Ni yule pale karibu na dirisha, aliyetoka kaskazini akiwa kijana na kuvaa magwanda miaka ile. Ameniruhusu niseme. Alinivuta pembeni akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nilisimama vizuizini. Ile ilikuwa redio tu. Yangu hata betri haikuwa nayo, betri zilikuwa hazipatikani. Niliishika sikioni kwa sababu mkono ukiwa mtupu, watu wangeona unavyotetemeka."