Risala ya Mashabiki wa Upande wa Vyoo Kuhusu Jezi Namba 41

Mgeni rasmi, Kocha Mkuu wa Mullawarra, Bwana Brendan Hallahan, viongozi wa klabu, vijana wetu, na akina mama wa jikoni mnaotuvumilia,

KARIBU
Sisi mashabiki wa timu ya akiba, tunaosimama Upande wa Vyoo kila Jumamosi asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tungekukaribisha zamani, lakini huu ni msimu wako wa nne, na leo ndiyo mara ya kwanza unafika kabla ya saa sita. Pai za nyama ziko tayari. Ile isiyo na mchuzi wa nyanya ni yako.

TULIKOTOKA
Sisi si watu wa kupita. Mzee Nev Cropley ana miaka thelathini na nane akiegesha gari pale pale nyuma ya goli na kupiga honi kila tunapofunga. Bi Glenys Tippett, anayekusomea risala hii, ana daftari lenye jina la kila kijana. Kila robo ya mechi ikiisha tunaingia uwanjani, kama ilivyo desturi ya mchezo wetu huu wa robo nne, tunawazunguka vijana na kumsikiliza kocha wao. Kwa hiyo tunajua nani katumwa nini.

MAFANIKIO
Vijana tisa tuliowasifu daftarini sasa wanacheza kikosi cha kwanza. Tulisema Tuan Lieu atakuwa mfungaji, mkacheka. Leo picha yake iko mlangoni.

CHANGAMOTO
Changamoto ni moja: Rhys Pantelidis, jezi namba 41, beki. Tumesikia Jumanne mnafunga orodha ya wachezaji watakaobaki klabuni, na jina lake limekatwa kwa sababu "haugusi mpira vya kutosha".

Mgeni rasmi, jamani! Jumamosi moja tulisimama pale kwenye duara tukamsikia kocha wake kwa masikio yetu: "Rhys, mwanangu, mpira achana nao. Kazi yako ni yule jamaa wao mrefu. Akienda kunywa maji, nenda naye." Kijana akaenda naye. Jamaa huyo, mshambuliaji wa wapinzani aliyetoka kufunga magoli saba wiki ya nyuma yake, hakupata hata moja. Nyinyi mnahesabu mara alizougusa mpira. Sisi tunahesabu mara ambazo mtu wake hakuugusa. Mzee Nev alipoonyeshwa takwimu zenu aliuliza, "Hii kaandika mtu aliyekuwepo, au shangazi yake?" Tumewaandikia barua kumi na nne kumtetea. Hakuna iliyojibiwa. Tumechoka.

Na hapa tuseme jambo linalotuuma. Ipo barua yetu moja mliyoifanyia kazi, tena wiki ile ile. Ni ya miaka mitatu iliyopita, Rhys akiwa na miaka kumi na minane, mshambuliaji wa kikosi cha kwanza kwa mechi mbili tu. Alikosa goli la wazi. Tukapandwa na hasira, tukaandika kwamba ni mzito na hana moyo, tukatia sahihi sitini na moja. Jumatano mkamshusha. Jumamosi akaja kwetu, akatusalimia mmoja mmoja, akambebea Bi Glenys kiti chake. "Leo baridi kweli, mama. Chai ipo?" Hakujua nani kaandika. Alipojua, aliendelea kutusalimia na kubeba kile kiti.

OMBI
Paa letu linavuja, lakini leo hatuombi paa. Beki mmoja wa kikosi cha kwanza ana goti bovu. Mchezesheni Rhys nafasi yake alasiri hii, apewe yule mshambuliaji hatari wa wapinzani, nawe umtazame kwa macho yako kabla ya Jumanne.

Tumeambatanisha ile barua ya zamani. Tulikosea, na tumezifuta sahihi zetu kwa kalamu nyekundu, mmoja mmoja. Wenzetu wanne wameshatangulia. Tuliwafuata wajane wao majumbani, wakafuta kwa niaba yao. Imebaki sahihi moja chini kabisa, pembeni ya neno "Nimekubali". Hiyo ni yako, mgeni rasmi. Kalamu iko mezani, karibu na pai.

Mungu akulinde, ailinde Mullawarra, na ayalinde magoti ya vijana wetu.

Ni sisi,
Mashabiki wa Timu ya Akiba, Upande wa Vyoo.