Baba Vaileth na Lori Lisilojua Liendako

Thobias Maige, dereva wa lori wa chuo chetu hapa Kalangalala, Geita, anastaafu tarehe 30 Juni 2026 baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Hayo ndiyo mambo mawili katika wasifu huu ninayoweza kuyaapia. Mengine yamebadilika kila wiki tangu Kamati ya Maagano iliponipa kazi ya kuandika, nami ni mtu wa stoo. Nimezoea kuikuta nyundo pale nilipoiacha jana.

Tuanze na yanayojulikana. Alianza mwaka 1993 akiwa utingo, akashika usukani mwaka uliofuata, dereva wa wakati ule alipokimbilia machimboni kutafuta dhahabu. Amebeba saruji, mbao, vyerehani, timu ya mpira, na mara moja fahali wa mahafali aliyegoma kushuka. Salamu yake kwa watu wote ni mwangaluka, ambayo Wasukuma huitoa asubuhi, lakini yeye huitoa hata saa kumi na moja jioni. Ukimsahihisha anasema kwake bado hakujakucha vizuri.

Kazi iliyompa jina ni kuwarudisha wastaafu kwao. Mtumishi akistaafu, mizigo yake husafirishwa hadi mahali pake pa asili, na msafirishaji alikuwa Thobias. Amewafikisha wenzetu Ushirombo, Maswa, Karagwe na kwingine ambako barabara huishia na lori linaendelea. Hakuwahi kumshusha mtu na kugeuza papo hapo. Alikaa, akala, akasalimia wazee, akahakikisha kitanda kimeingia mlangoni.

Zamu yake ilipofika, Bwana Eustace wa Ofisi ya Utumishi alimuuliza swali analowauliza wote, kwamba mizigo ipelekwe wapi. Thobias akajibu Shinyanga. Alipoulizwa Shinyanga ipi, akacheka, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kukatutia hofu, maana Thobias hanyamazi hata akiwa na ugali mdomoni.

Ukweli ni kwamba hajui. Alilelewa kwenye machimbo ya Nyarugusu na Bibi Mariana, mama aliyewapikia uji wachimbaji. Baba yake, Maige, alifika pale na mtoto mmoja mdogo mgongoni, akachimba miaka michache, kisha duara, yaani shimo la dhahabu, likatitia naye akiwa chini. Kitu pekee ambacho Bibi Mariana alikijua ni kwamba mtu huyo alitokea Shinyanga na mtoto alikuwa akiitwa Doto. Sasa, kila mtu huku anajua kwamba ukiona Doto, kuna Kulwa aliyemtangulia kutoka tumboni. Lakini mtu aliyebeba pacha mmoja haulizwi alipo mwingine. Bibi Mariana hakuuliza, akaamini Kulwa amefariki, na Thobias akakua akiamini hivyohivyo.

Na Shinyanga yenyewe ya miaka ile ilikuwa kubwa mno. Imekatwa, ikakatwa tena, hata vijiji vingine vimelala Shinyanga vikaamka Geita bila mtu kuhamisha kuku. Bwana Eustace alichora ramani ubaoni kutuelewesha, na alipomaliza hata yeye hakuwa ameelewa.

Thobias aliniambia stoo, tukinywa chai, kwamba maisha yake yote amewashusha watu kwao, na kila alipogeuza lori alijiuliza yeye atashushwa wapi. Hataki kuzikwa kama mgeni. Mkewe, Mama Frank, amekubali kwenda popote, ila popote napo pawe na jina. Nikamwongezea sukari.

Hapa lazima nieleze jina la Baba Vaileth, kwa kuwa wageni wa sherehe watalisikia sana. Watoto wa Thobias ni Frank na Davis. Hana Vaileth. Jina hilo alilipata mwaka 2011 akimpeleka mpishi wetu, Mama Salvina, kwao Isaka. Alisimama Masumbwe kukaza kamba, akaagiza nyama choma, na kabla hajameza tonge la kwanza mwanamke mmoja alimvamia kwa Kisukuma kilichonyooka. Alimwita Baba Vaileth. Alimuuliza tangu lini shamba la pamba limehamia kwenye nyama choma, na hiyo ovaroli ya bluu ameinunua kwa idhini ya nani. Thobias, ambaye hakuogopa hata yule fahali, aliacha nyama na kupanda lori. Alitusimulia kwa miaka, tukacheka kwa miaka, na jina likamganda.

Turudi kwenye mizigo. Mkutubi wetu, Scolastika, alisema magazeti ya zamani siku hizi yameskaniwa na yanasomeka kwenye kompyuta, kwa hiyo tutafute ukoo wa Thobias humo. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Tuliandika Maige, na Maige walitoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Kulikuwa na Maige kiongozi wa ngoma, Maige golikipa na Maige aliyefungwa kwa ng'ombe wa watu. Mara nyingine wino ulikuwa umevuja na kompyuta ikasoma doa ikadhani ni mtu.

Thobias aliwapokea wote. Jumatatu alitembea kwa madaha kama mjukuu wa kiongozi wa ngoma. Jumatano alikuwa mjukuu wa golikipa na akatupa lawama kwa kutompanga langoni miaka yote hii. Ijumaa tulipompata yule wa ng'ombe alitikisa kichwa, akasema na huyo ni wetu, atapelekewa pole. Mimi nilikuwa nimeshaandika wasifu tatu tofauti na nikazichana zote.

Aliyetutoa gizani ni marehemu Bibi Mariana mwenyewe. Thobias alikumbuka kwamba bibi alizoea kumtania kuwa baba yake alijisifu watoto wake wamezaliwa juu ya pamba. Yeye alidhani ni maneno ya kumbembelezea mtoto. Scolastika akaacha kutafuta majina, akatafuta lori la pamba, mwaka 1966 ulioandikwa kwenye faili la Thobias kuwa ndio aliozaliwa, na kwenye ukurasa wa nyuma wa gazeti la mwezi Agosti, chini ya bei za ng'ombe, tukakuta habari ya vidole viwili hivi. Mke wa Bwana Maige, mkazi wa Masumbwe, wilaya ya Kahama, alishikwa na uchungu, akapandishwa kwenye lori la pamba kuwahishwa hospitali. Pacha wa kwanza alizaliwa lori likiwa bado linawashwa. Wa pili alizaliwa mbele ya safari, lori lilipokwama mtoni. Mwandishi alimalizia kwamba mama na watoto wote wawili wanaendelea vizuri.

Thobias aliisoma mara nyingi, kidole kikiwa kwenye kioo. Bwana Eustace, ambaye kwake kazi ni kazi, aliuliza kama basi asili ya mtumishi ni Masumbwe au ni mtoni. Masumbwe ilikuwa Kahama, ikawa Bukombe, leo ni Mbogwe, mkoa wa Geita. Yaani huyu bwana wa Shinyanga ni wa mkoa huuhuu, na nyumbani kwao amepita na lori la chuo mara nyingi kuliko alivyokwenda Mwanza.

Scolastika alipata namba ya mwenyekiti wa kitongoji, akampigia na kuweka sauti ya nje. Akamuuliza kama pale palikuwa na mtu anaitwa Kulwa Maige. Mwenyekiti alijibu kwamba alikuwepo, mkulima wa pamba, wamemzika mwaka juzi. Kisha akaongeza, kama mtu anavyoongeza ili aeleweke vizuri, kwamba pale kijijini walimzoea kwa jina la Baba Vaileth.

Tulikuwa tumelicheka jina hilo miaka yote. Thobias alikaa kwenye kiti cha wanafunzi pale maktaba, kile kidogo, akalia kwa sauti, na mimi nililia naye na sioni sababu ya kuficha.

Kesho yake Vaileth alipiga simu. Alipoisikia sauti ya Thobias alishindwa kuendelea, kwa kuwa ilikuwa sauti ya baba yake. Alipotulia, alieleza kwamba mama wa wale mapacha alifariki wakiwa wadogo, bibi yao akabaki na Kulwa, na baba akaondoka na Doto akiahidi kurudi mvua zikikatika. Baadaye zikafika habari za duara lililotitia. Masumbwe wakaomboleza wawili, baba na Doto.

Halafu akaeleza jambo ambalo mpaka sasa linanichanganya kwa uchungu na kicheko kwa pamoja. Nyumbani kwao kulikuwa na ugomvi usioisha. Mama yake aliapa kwamba alimkuta mumewe sokoni, ndani ya ovaroli ya bluu, akila nyama wakati wa palizi. Baba yake aliapa kwamba siku hiyo alikuwa shambani. Waliishi vizuri, ila kila walipokwaruzana hiyo nyama ilirudi mezani. Kulwa amekwenda kaburini hajaaminiwa.

Mama Vaileth ameshaambiwa. Ameomba Thobias ashuke kwenye lori akiwa amevaa ovaroli ileile, amwone kwa macho yake mchana kweupe, kisha amsindikize kaburini akamwambie mumewe kwamba alikuwa shambani.

Lori litaondoka Jumatano asubuhi. Damian, dereva anayempokea usukani, ataendesha, na Thobias atakaa kushoto kama mstaafu mwingine yeyote, ingawa nina hakika atashika breki isiyokuwepo njia nzima. Kiwanja cha nyumba ameshaonyeshwa kwa simu, karibu na kaburi la ndugu yake. Kwa desturi yetu, Doto ni baba mdogo wa Vaileth, na Vaileth ameshaanza kumwita Baba. Kwa hiyo tulilolianza kwa kumtania limekuwa jina lake halali, na kulifuta sasa hatuwezi.

Kanuni ya stoo inasema mstaafu hurudisha sare siku ya mwisho. Thobias ameleta buti, koti la mvua na tochi, na vyote nimevipokea. Ovaroli ya bluu sikuipokea. Ukaguzi ukija, waje waniulize mimi.

Kwa niaba ya watumishi wote, asante kwa kila kitanda ulichokiingiza mlangoni. Ufike salama, ushushwe kwenu, uketi, ule, usalimie wazee, na Damian asigeuze lori mpaka umeshiba. Mwangaluka, Baba Vaileth.

Nestory Nkwabi, Stoo