Prabodh Minj, Aliyepima Watazamaji wa Ranchi

Prabodh Minj alizaliwa tarehe 9 Novemba 1961 katika kijiji kimoja karibu na Gumla, mtoto wa pili wa Mzee Patras na Mama Karmi Minj. Alisoma shule ya misheni hapo kijijini, akamalizia sekondari mjini Ranchi mwaka 1979. Chuo alikitamani, lakini baba yake alianguka kutoka juu ya paa na kuvunjika nyonga, ikabidi ajifunze ufundi wa redio ili nyumbani pasikose chakula.

Tarehe 14 Mei 1988 alifunga ndoa na Salomi Tirkey. Walijaliwa mabinti wawili, Anupa na Roshni.

Mwaka 2003 aliajiriwa na kampuni ya kupima watazamaji wa televisheni. Alifunga vifaa vya kupimia katika nyumba chache zilizochaguliwa kwa siri, kila moja ikiwakilisha maelfu ya nyingine. Kila mtu alikuwa na kitufe chake, akikibonyeza anapokaa kutazama. Bibi Etwari Lakra wa mtaa wa Kokar alibonyeza viwili, chake na cha marehemu mumewe.

"Bibi, wafu hatuwahesabu," Prabodh alimwambia.

"Kwani ni wewe uliyekaa naye miaka arobaini?" Bibi akajibu, akamsogezea dhuska, vitumbua vya moto vya mchele na dengu.

Mwaka 2013 Ranchi ilihamia dijitali na kila nyumba ikatakiwa kuwa na king'amuzi. Vile vifaa vya zamani vilitambua stesheni kwa masafa yake. King'amuzi kilipoingia, kikipitisha stesheni zote kwa masafa yale yale, vikapofuka. Vipya vilichelewa. Kwa wiki saba kipindi cha Jumapili cha lugha ya Kikurukh, kilichotazamwa Ranchi tu na alichokitangaza Basil Kerketta, kilisomeka sifuri, na huku Prabodh akiingia nyumba hizo anawakuta watu wamekaa wanakitazama. Alimweleza mkubwa wake.

"Minj, wewe ni fundi au wakili wao? Tia sahihi."

Akatia sahihi kwamba vifaa ni vizima. Alikuwa na ada ya Roshni kichwani, lakini mwenyewe hakupenda kuitumia kama kisingizio. Kipindi kilifutwa. Basil akaishia kulinda ghala la saruji.

Kwa miaka tisa Prabodh hakumwambia mtu, hata Salomi. Kanisani, Basil alipoongoza nyimbo, Prabodh alihamia benchi la nyuma na hakuimba.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mwishoni mwa Agosti, akiwa hawezi kutembea peke yake, alimwomba Anupa ampeleke kwa Basil.

"Kaka Basil, watu walikuwepo. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hawakuwepo."

"Miaka yote hii nilijua watu wangu wamenichoka," Basil akasema. "Hata kuwapigia hodi nilikuwa naona haya."

"Nisamehe."

"Leo siwezi, Prabodh. Njoo tena wiki ijayo."

Wiki iliyofuata alikuwa wodini. Alifariki tarehe 3 Septemba 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Salomi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na dada yake, Bi Monika. Ameacha pia agizo kwamba haya yasomwe hapa kaburini bila kupunguzwa neno. Basil amekuja, ameketi mstari wa pili. Kabla hatujamshusha marehemu, aliyekuwa akikitazama kipindi kile na asimame, Basil amwone.

Bwana ampokee Prabodh, na ampe amani aliyoikosa.