Orodha ya Waliopanda

"Usimpigie mama yako bado!" mzee wa kiti cha mbele yangu kwenye basi alimkemea aliyekaa naye, muuguzi aliyevaa sare.

"Baba, jina la kaka yangu hili hapa kwenye orodha ya abiria iliyotumwa kwenye simu. Ndege imeanguka, arobaini na sita wamekufa wote. Nimfiche mama?"

"Hao ni waliokata tiketi, mwanangu. Nimepakia mizigo ya ndege miaka ishirini. Anayeingia ndegeni hukatwa kipande cha tiketi mlangoni, na vipande ndivyo vinavyohesabiwa. Redio imetaja waliopanda arobaini na watatu tu. Hao watatu wako wapi?"

"Mbona simu yake haipatikani?"

"Hilo silijui," mzee alisema akikuna kidevu. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, maana tangu asubuhi kila niliyekutana naye alikuwa na jibu.

"Kwa hiyo unasema yuko hai?"

"Sisemi yuko hai, sisemi amekufa. Nasema hujui, na mama yako ana presha."

"Vipande viko wapi?"

"Ofisi ya ndege, kituo hiki tunachokipita."

"Dereva, shusha!" Muuguzi alitia simu mkobani na kuruka chini. Mzee akamfuata akihema, ingawa kwake kulikuwa mbali bado.